Grafu Imetulia, Watumiaji Wanalalamika: Utatuzi wa Matatizo ya Grafu za Vipimo vya Seva

Mstari unaouona kwenye grafu ya ufuatiliaji si seva yenyewe. Kipimo kilisomwa kila baada ya sekunde kadhaa, kikahifadhiwa, kikapitishwa kwenye hoja (amri ya kuomba na kukokotoa data) iliyokilainisha, kisha kikachorwa kwa skeli ambayo mtu fulani aliichagua siku nyingi zilizopita. Hitilafu inaweza kuingia katika hatua yoyote kati ya hizo. Nimeshuhudia mafundi hodari wakikesha na kuwasha upya seva moja baada ya nyingine ilhali kosa lilikuwa kwenye hoja ya mstari mmoja, na nimeshuhudia pia wengine wakiamini mstari uliotulia huku wateja wamekwama. Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, jiulize: je, kilichobadilika ni seva, au ni namna seva inavyopimwa na kuchorwa?

Mifano yangu inatoka kwenye Prometheus, inayokusanya na kuhifadhi vipimo, na Grafana, inayovichora, zikifuatilia seva za Linux kwa msaada wa node_exporter, programu ndogo inayotoa vipimo vya seva, kwa kuwa ndizo ninazofanya nazo kazi kila siku. Anayetumia mifumo mingine ya ufuatiliaji kama Zabbix au Cacti atakutana na dalili zilezile, ingawa majina ya vitufe na vipimo yatakuwa tofauti.

Dalili: grafu ni tupu, au mstari umekatika

Anza na kipimo kinachoitwa `up`. Prometheus hukiandika yenyewe kila inapokwenda kuchota data kwenye seva: 1 ikiwa imefanikiwa, 0 ikiwa imeshindwa. Kikiwa 0, fungua ukurasa wa Targets kwenye Prometheus usome ujumbe wa kosa neno kwa neno, kwa sababu ujumbe huo hupunguza kazi kwa nusu. "Connection refused" maana yake mashine imefikiwa lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo, ambayo kwa node_exporter huwa ni 9100; basi nenda kaangalie kama huduma hiyo imekufa. "Context deadline exceeded" maana yake jibu halikurudi ndani ya muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni sekunde 10. Hapo shuku ukuta wa usalama unaomeza pakiti kimyakimya, au mashine iliyolemewa kiasi cha kushindwa hata kujieleza.

Sababu hiyo ya mwisho inastahili kutiliwa mkazo. Pengo linalotokea dakika mbili baada ya matumizi ya kumbukumbu kupanda kwa kasi si data iliyopotea tu. Pengo lenyewe ni ushahidi kwamba seva ilizidiwa. Ndiyo maana sipendi mpangilio wa Grafana unaounganisha ncha mbili za mstari uliokatika. Grafu hupendeza zaidi, lakini dakika kumi ambazo seva ilikuwa imezimia huchorwa kama mteremko mpole, na anayeisoma kesho yake hatajua kamwe kwamba hapakuwa na kipimo hata kimoja katika muda huo.

Ikiwa `up` ni 1 na bado grafu ni tupu, tazama jina la kipimo. Toleo la 0.16 la node_exporter, lililotoka mwaka 2018, lilibadilisha majina ya vipimo vingi ili yabebe vizio vyake: `node_cpu` likawa `node_cpu_seconds_total`, na `node_memory_MemAvailable` likaongezewa `_bytes` mwishoni. Dashibodi za zamani zilizonakiliwa kutoka mtandaoni bado zinazunguka zikiwa na majina ya awali, na anayezipakia hupata paneli tupu bila ujumbe wowote wa kosa, kwa sababu kwa Prometheus kuulizia kipimo kisichokuwepo si kosa, bali ni swali lenye jibu tupu. Njia ya haraka ni kuifupisha hoja kipande kwa kipande: ondoa hesabu, kisha ondoa lebo (alama zinazotofautisha mistari ya kipimo kimoja) moja baada ya nyingine, mpaka data itokee. Ulichokiondoa mwisho ndicho chenye kosa.

Ipo dalili nyingine inayowachanganya wengi. Ukitazama saa 24 zilizopita mstari upo. Ukisogea karibu kutazama dakika 30, unatoweka. Kitendakazi cha `rate()`, kinachokokotoa kasi ya ongezeko kwa sekunde, kinahitaji angalau sampuli mbili, yaani vipimo viwili vilivyochotwa, ndani ya dirisha la muda ulilolitaja, na mtu asipoweka chochote kwenye usanidi, Prometheus huchota data mara moja kwa dakika. Grafana kwa upande wake hudhani kwamba data inachotwa kila sekunde 15, isipokuwa umeiambia vinginevyo kwenye mipangilio ya chanzo cha data, na hutumia dhana hiyo kukokotoa dirisha la `$__rate_interval`, ambalo halipungui mara nne ya muda wa kuchota. Mara nne ya sekunde 15 ni dakika moja, na ndani ya dakika moja seva yako ina sampuli moja tu. Sahihisha thamani ya muda wa kuchota kwenye Grafana ilingane na ile ya Prometheus, na mistari itarudi bila kugusa paneli hata moja.

Dalili: tukio halipo mahali lilipopaswa kuwa

Prometheus huhifadhi nyakati zote kwa UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu), na ukurasa wake wenyewe huonyesha UTC mpaka uchague saa za mahali ulipo. Grafana kwa kawaida hufuata saa ya kivinjari. Matokeo yake ni kwamba fundi aliye Dar es Salaam na mwenzake aliye Bujumbura wakiifungua grafu moja kwa wakati mmoja, kilele kilekile kitakuwa saa 10:00 kwa wa kwanza na saa 9:00 kwa wa pili, na wakizungumza kwa simu kila mmoja atadhani mwenzake anatazama seva nyingine.

Kwetu sisi kuna tabaka moja zaidi ambalo miongozo ya lugha nyingine haiwezi kulitaja. Karani anapiga simu na kusema kwamba mfumo uligoma saa tatu asubuhi. Saa tatu hiyo ni 09:00 kwenye saa ya Afrika Mashariki, na ni 06:00 kwenye grafu iliyopangwa kwa UTC. Fundi anayeandika 03:00 kwenye kisanduku cha muda kwa haraka atakuwa anatazama saa kumi na mbili alfajiri, saa tatu nzima kabla ya tukio, na atamjibu karani kwamba seva ilikuwa nzima. Hali huwa ngumu zaidi usiku: chelezo linalofanyika saa nane za usiku, yaani 02:00, litaonekana kwenye grafu ya UTC saa 23:00 ya tarehe iliyotangulia. Na kazi iliyowekwa kwenye cron (kipanga ratiba za kazi) ya seva inayotumia UTC ianze 02:00 itaanza kwetu saa kumi na moja alfajiri, ikasukumana na wafanyakazi wa mwanzo wanaoingia kazini. Ninashauri dashibodi za timu moja zifungwe kwenye kanda moja ya saa, na kila taarifa ya tatizo iandikwe kwa tarakimu nne pamoja na tarehe.

Ikiwa kanda ya saa ni sahihi na bado matukio yametengana kwa dakika chache, kagua saa za mashine zenyewe. Saa ya Prometheus ikibaki nyuma ya saa ya kompyuta yako kwa dakika sita, grafu ya "dakika tano zilizopita" inaweza kuwa tupu hata kama kila kitu kinafanya kazi. Hakikisha chrony au huduma nyingine ya kulinganisha saa inaendesha kazi yake pande zote mbili.

Dalili: watumiaji wanalalamika, grafu imetulia

Hii ndiyo dalili inayostahili muda wako mwingi zaidi, kwa sababu hapa grafu haionekani kuwa na kasoro. Ina mstari, ina rangi, ina namba zinazoaminika. Inachokosa ni kile ambacho mtumiaji alikipitia.

Mshukiwa wa kwanza ni wastani. Chukua maombi 100 yaliyofika kwenye huduma ndani ya muda fulani, ambapo 98 yalijibiwa kwa milisekunde 50 na mawili yalichukua sekunde 8 kila moja. Wastani ni milisekunde 209. Hakuna ombi hata moja lililochukua milisekunde 209. Ni namba isiyomwelezea mtu yeyote, si aliyehudumiwa haraka wala aliyesubiri mpaka akafunga ukurasa. Paneli yenye mstari wa tahadhari kwenye nusu sekunde itabaki ya kijani. Badala yake chora persentaili ya 99 (muda ambao asilimia 99 ya maombi hayakuuzidi) kwa `histogram_quantile()`, na palepale utaona kitu kinachokaribia malalamiko uliyopokea.

Nasema kinachokaribia, kwa sababu nacho ni makisio. Histogramu ya Prometheus haihifadhi muda wa kila ombi. Huhesabu tu ni maombi mangapi yaliangukia kwenye kila ndoo, yaani kila kundi la muda, na ndoo za kawaida za maktaba nyingi zina mipaka kama sekunde 2.5, 5 na 10. Maombi yetu mawili yamo kwenye ndoo ya kati ya 5 na 10, na hesabu ya kugawa nafasi sawasawa ndani ya ndoo itatoa 7.5. Si 8, lakini inatosha kukuamsha. Shida hutokea maombi yanapozidi ndoo ya mwisho: kama mpaka wa juu ni 10, ombi la sekunde 40 nalo litachorwa kuwa 10. Ukiona mstari wa persentaili umelala bapa kwenye 10 kamili, usiseme kwamba huduma imetulia kwenye sekunde kumi; ongeza ndoo kubwa zaidi. Tena usichukue persentaili za seva tatu ukazitafutia wastani, kwani hesabu hiyo haina maana yoyote. Jumlisha ndoo za seva zote kwanza kwa lebo ya `le`, inayobeba mpaka wa ndoo, kisha ukokotoe persentaili mara moja.

Mshukiwa wa pili ni dirisha pana. Tuseme matumizi ya prosesa ni asilimia 20 muda wote, isipokuwa sekunde 10 ambapo yalifika asilimia 100. Kwenye dirisha la dakika tano, sekunde hizo kumi zinainua mstari mpaka asilimia 22.7 tu. Mkunjo huo mdogo hakuna anayeuona. Kazini niliwahi kufuatilia mfumo wa mauzo uliokwama kila mwanzo wa saa, kwa muda mfupi kiasi kwamba kila tulipofika mezani ulikuwa umeshapona. Paneli ya prosesa ilitumia `rate()` ya dakika kumi na haikuonyesha chochote. Tulipoishusha hadi dakika moja, huku data ikichotwa kila sekunde 15, ikatokea safu ya vilele vyembamba kama meno ya kitana, kila kimoja juu ya saa kamili, na kila kimoja kikiambatana na kilele cha usomaji wa diski. Ilikuwa ripoti ya kila saa iliyokuwa ikisoma jedwali zima la miamala badala ya kusoma miamala ya saa iliyopita. Mtu aliyeiandika wala hakuwa na kosa la kulaumiwa. Alipoiandika, jedwali lilikuwa dogo.

Mshukiwa wa tatu ni kujumlisha viini vya prosesa. Seva yenye viini vinane ikiwa na programu inayofanya kazi yake yote kwenye kiini kimoja, kiini hicho kitafika asilimia 100 huku wastani wa mashine nzima ukisoma asilimia 12.5. Programu imegonga mwamba, na grafu inasema seva imelala. Chora mstari mmoja kwa kila kiini ukitumia lebo ya `cpu`; picha itakuwa na vurugu, lakini ukweli utaonekana.

Kwenye kontena (programu iliyotengewa sehemu yake ya mashine) tatizo hili hujificha zaidi. Kikomo cha nusu kiini hutekelezwa na keneli (moyo wa mfumo wa Linux) kwa vipande vya milisekunde 100: kontena linapewa milisekunde 50 za kazi katika kila kipande. Likiwa na nyuzi nne za utekelezaji zinazofanya kazi kwa pamoja, linamaliza mgao wake ndani ya milisekunde 12.5, kisha linasimamishwa kwa milisekunde 87.5 zinazobaki. Ombi lililokuwa katikati linasubiri. Grafu ya matumizi inaweza kuonyesha kwamba kontena liko chini ya kikomo chake kwa wastani, kwa sababu kati ya mawimbi ya maombi hukaa kimya. Gawanya ongezeko la `container_cpu_cfs_throttled_periods_total` kwa ongezeko la `container_cpu_cfs_periods_total`. Uwiano huo ndio unaoeleza ni vipande vingapi kati ya vyote kontena lilibanwa, na ni kipimo ambacho ningependa kukiona kwenye kila dashibodi ya kontena kabla ya kipimo kingine chochote cha prosesa.

Mshukiwa wa nne hujitokeza unapotazama muda mrefu. Siku 30 zikichorwa kwa nukta 1,000, kila nukta inawakilisha takriban dakika 43. Ikiwa hoja yako ina `rate()` ya dakika moja isiyobadilika, Prometheus inatazama dakika moja katika kila dakika 43 na kuruka nyingine zote, ndiyo maana vilele huja na kutoweka kila unapoonyesha upya ukurasa. Ukitumia `$__rate_interval`, dirisha hupanuka kufuata hatua na hakuna data inayorukwa, ila kilele kinalainishwa. Kama unachokitafuta ni kilele cha mwezi, omba kilele waziwazi kwa `max_over_time()`. Watumiaji wa Cacti wanalijua jambo hili kwa njia nyingine: hifadhi ya RRDtool, ambayo Cacti huitumia, hukunja data ya zamani kuwa wastani, na asiyeweka kumbukumbu ya MAX tangu mwanzo hawezi kuirudisha baadaye. Zabbix ina nafuu, kwa kuwa mwenendo wake wa kila saa hubeba thamani ya chini, ya wastani na ya juu kwa pamoja.

Dalili: kilele kikubwa ambacho hakuna aliyekihisi

Kwanza soma kizio. Mtoa huduma wa intaneti anauza kwa megabiti, programu nyingi zinapima kwa baiti, na tofauti kati yake ni mara nane. Mstari uliokatwa juu kana kwamba kwa rula kwenye megabaiti 12.5 kwa sekunde si wa bahati: hizo ni megabiti 100, na mara nyingi utakuta kebo mbovu au swichi ya zamani imeifanya kadi ya mtandao ikubaliane na kasi hiyo badala ya gigabiti moja. Kwa jumla, kilele chenye ncha ni tukio, lakini kilele chenye paa bapa ni kikomo, na kazi yako ni kutafuta ni kikomo cha nani.

Pili tazama kaunta. Kaunta ni namba inayopanda tu, na hurudi sifuri huduma inapowashwa upya. `Rate()` inalijua hilo na hulirekebisha yenyewe. Ila marekebisho hayo yana sharti: kokotoa `rate()` kwanza, kisha jumlisha. Ukigeuza mpangilio, kwa mfano kupitia kanuni ya kurekodi (hoja ambayo Prometheus huikokotoa mapema na kuhifadhi jibu lake) inayojumlisha kaunta za seva zote kwanza, basi seva moja ikiwashwa upya jumla itashuka kutoka, tuseme, 1,000,000 hadi 700,000. Prometheus itaitafsiri shuka hiyo kama kaunta iliyoanza upya kutoka sifuri na kupanda hadi 700,000 ndani ya sekunde chache, na utapata mnara wa maombi laki saba ambayo hayakuwahi kutumwa. Ukiona mnara wa namna hiyo, linganisha na `node_boot_time_seconds` au na muda wa kuanza kwa huduma. Vikiangukia dakika moja, umeshapata jibu.

Kwa vifaa vya mtandao vinavyosomwa kwa SNMP (itifaki ya kusoma vipimo vya vifaa hivyo), kuna kaunta za biti 32 kama `ifInOctets` ambazo hujaa zikifika baiti bilioni 4.29. Kwenye kiungo cha gigabiti moja kinachotumika kikamilifu, hujaa kwa takriban sekunde 34. Ukisoma kila dakika, kaunta imeshazunguka bila wewe kujua, na mstari utaonyesha kasi ndogo kuliko ya kweli au utarukaruka ovyo. Tumia `ifHCInOctets` ya biti 64.

Jambo la mwisho hapa si hitilafu, ingawa huulizwa mara kwa mara: `increase()` inaweza kusema kwamba kulikuwa na makosa 3.2. Prometheus hukadiria kinachotokea kwenye kingo za dirisha ambako hakuna sampuli, ndiyo maana namba hutoka na desimali.

Dalili: kumbukumbu inakaribia kwisha siku zote

Mara nyingi paneli imechora `MemFree`. Linux hutumia kumbukumbu isiyo na kazi kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia programu inapoihitaji, kwa hiyo seva nzima yenye gigabaiti 16 inaweza kuonyesha megabaiti 300 tu zilizo wazi na isiwe na shida yoyote. Tumia `node_memory_MemAvailable_bytes`, kipimo ambacho keneli hukikadiria yenyewe tangu toleo la 3.14. Kama hicho nacho kinashuka siku hadi siku bila kurudi, isipokuwa huduma inapowashwa upya, kisha kikaanza kushuka tena, hapo una programu inayovuja kumbukumbu na grafu imekuambia ukweli.

Dalili: mzigo uko juu, prosesa imepoa

Wastani wa mzigo kwenye Linux hauhesabu tu kazi zinazotumia prosesa au kuingojea. Huhesabu pia kazi zilizo katika hali ya D, yaani zinazosubiri kitu bila kuweza kukatizwa, na kitu hicho aghalabu ni diski au hifadhi ya mtandao. Seva ya NFS (hifadhi ya mafaili kupitia mtandao) ikitoweka, mashine ya viini vinne iliyoitegemea inaweza kufikisha mzigo wa 40 huku prosesa ikiwa haifanyi lolote, kwa kuwa kila mchakato uliogusa saraka hiyo umeganda pale ulipo na mipya inaendelea kurundikana nyuma yake. Kuongeza viini hakutasaidia kitu. Endesha `ps -eo state,pid,wchan:32,cmd` na utazame mistari inayoanza na D. Safu ya `wchan` itakuonyesha kila mchakato umelala kwenye sehemu gani ya keneli, na jina lenye `nfs` ndani yake linamaliza mjadala.

Chora pia `iowait` (muda wa kungoja diski) na `steal` kutoka `node_cpu_seconds_total`. `steal` ikipanda kwenye mashine pepe, maana yake mashine ilitaka kufanya kazi na mwenyeji wake hakuipa nafasi. Hapo hakuna unachoweza kurekebisha ndani ya mashine yako, na mtu wa kuzungumza naye ni anayekukodisha. Kuhusu `iowait`, usiitegemee peke yake: huhesabiwa pale prosesa isipokuwa na kazi nyingine, hivyo diski ileile iliyozidiwa itaonyesha `iowait` ndogo mara tu programu nyingine inapoanza kutumia prosesa. Mstari umeshuka, ila diski haijapona.

Dalili: diski ina nafasi, lakini programu inakataliwa kuandika

Ujumbe ni "No space left on device", na grafu inaonyesha gigabaiti tano zilizobaki. Tazama kama paneli inatumia `node_filesystem_free_bytes`. Mfumo wa ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya mtumiaji mkuu, kwa hiyo kwenye diski ya gigabaiti 100 hizo tano zipo, ila si za programu yako. Kipimo sahihi ni `node_filesystem_avail_bytes`.

Ikiwa hicho nacho kinaonyesha nafasi, endesha `df -i`. Kila faili linahitaji inodi yake (rekodi inayolitambulisha), na idadi ya inodi kwenye ext4 hupangwa diski inapoumbwa. Saraka ya vikao vya watumiaji yenye mamilioni ya mafaili madogo inaweza kuzimaliza zote huku baiti zikiwa tele. Kipimo cha `node_filesystem_files_free` hakimo kwenye dashibodi nyingi nilizopokea kutoka kwa wengine. Kiongeze leo, kwani ni mstari mmoja tu.

Kinyume cha dalili hiyo pia hutokea: umefuta faili la logi la gigabaiti 30, `du` inakubali kwamba halipo, lakini mstari wa nafasi haukusogea hata kidogo. Grafu haijakosea. Mchakato uliokuwa ukiliandika bado umelishikilia wazi, na keneli haitaachia nafasi hiyo mpaka mchakato uliachie. Endesha `lsof +L1` na utaona faili hilo likiwa na neno "deleted" pembeni mwa jina lake, pamoja na namba ya mchakato wenye kulishika. Iagize huduma hiyo ifungue upya logi zake, au iwashe upya saa ambayo haitaumiza watu, kisha rudi kwenye grafu usubiri mchoto unaofuata. Mstari utapanda kwa gigabaiti 30 mara moja, wima kama ukuta, ndani ya sampuli moja.